Fodi Ingali Hai

Mimi niliachwa na motokaa. Watu wa Bagamoyo wakisimulia habari zangu husema niliachwa na Mwinyijuma, lakini hao hawakuwapo barazani siku ile, au walikuwapo na wamesahau. Mwinyijuma hakufungua kinywa kunitamkia. Aliiachia Fodi yake kazi hiyo, naye akakaa pembeni akivuta tasbihi kama mtu aliyefiwa na jirani.

Nimezaliwa Kaole. Baba yangu alipokufa alituachia minazi, mimi na kaka yangu Kibwana, shamba langu likipakana na lake. Sikusoma, ila juzuu mbili tatu nilizozishika kwa kusikiliza. Niliolewa na Mwinyijuma baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Yeye alikuwa amejifunza udereva humo humo vitani, katika magari ya jeshi, na aliporudi mjini hakutaka tena kushika jembe wala kupanda mnazi. Alikuwa dereva asiye na gari. Ukimwona amekaa, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyagakanyaga sakafu.

Siku hizo motokaa zilizopita Bagamoyo zilikuwa za mabwana wa serikali, na moja moja za Wahindi. Fodi ndiyo iliyobomoa ukuta huo. Waliosoma wamenieleza kwamba mwenye kiwanda, huko Amerika, alikusudia tangu mwanzo kutengeneza motokaa ambayo hata mkulima ataweza kuipata, na kwamba kila walipotengeneza nyingi zaidi bei ilishuka badala ya kupanda. Ilikuwa nyeusi, miguu mirefu, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Ilipita juu ya visiki na mchanga ambao magari makubwa yalizama. Kila aliyeiona alisema, hii hata mimi. Mwinyijuma naye akasema hivyo, usiku na mchana, mpaka nikachoka.

Ilinunuliwa kwa minazi yangu. Kaka yangu alikataa kwa nguvu zake zote, na tulipomshinda aliomba jambo moja tu, kwamba maneno yasemwe mbele ya watu. Basi tulikusanyika nyumbani kwa Shehe Bwanausi, aliyetuozesha, wanaume barazani nami nyuma ya mlango nikipasha kahawa.

“Shemeji,” Kibwana alisema, “mnazi haukimbii. Gari linakimbia. Kesho utaliuza uoe mke wa pili, na dada yangu atabaki anatazama shamba la watu.”

“Siiuzi.”

“Apa.”

“Naapa siiuzi. Na ikifa je? Niikoshe, niikafini, niizike uani kwako?”

Watu walicheka, hata Shehe alicheka. Kibwana hakucheka.

“Basi iwe hivi. Apa kwamba hutaiuza ingali hai.”

Mwinyijuma alikuwa kijana, na watu walikuwa wakimtazama. Alisimama. “Nikiiuza Fodi hii ingali hai, mke wangu Mwanamkasi ana talaka tatu.”

Kule nyuma ya mlango nilifurahi. Nakiri. Niliona mume wangu amefungwa mnyororo. Wanaume wa kwetu huapa hivyo kwa kila jambo, kwa bei ya samaki, kwa mchezo wa bao, na sisi wanawake tumelizoea hilo mpaka hatulisikii. Sikufikiri kwamba kiapo kilikuwa mdomoni mwake na shingo ilikuwa yangu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri. Fodi ilibeba kopra na abiria mpaka Dar es Salaam, na mimi nilipanda safari ya kwanza nikiwa nimevaa kaniki mpya. Tulipovuka mto Mpiji na kuanza kupanda, gari likakohoa likasimama. Mwinyijuma akaligeuza, akalipandisha kilima kinyumenyume. Petroli ya Fodi hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi, na mlima ukiwa mkali hushindwa kufika mbele. Ukienda kinyume hufika. Mimi sikulijua hilo. Mzee mmoja aliyekuwa na kuku wake mapajani aliuliza, “Dereva, umesahau kitu Bagamoyo?” Tulicheka mpaka juu.

Nililijua gari lile kwa masikio kabla ya kulijua kwa macho. Mbele ya dereva palikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake visanduku vinne vidogo vya umeme. Ukizungusha ufunguo, humo hutoka mvumo kama wa mzinga. Sisi nyumbani tuliviita nyuki. Nyuki wakilia, gari hai, lipige hendeli, kile chuma cha mbele cha kuzungushia injini, litawaka. Wakinyamaza, hata ukizungusha hendeli mpaka magharibi, ni bure. Kila alfajiri baada ya sala nilikuwa jikoni nikisikia nyuki wakilia uani, nikajua leo tutakula.

Tulikuwa nayo mwaka mmoja tu Mwinyijuma aliporudi kutoka Dar es Salaam amenuna. Alikaa mkekani bila kuvua viatu.

“Mhindi wa vipuri ameniambia Fodi imekwisha,” alisema.

“Imekwisha vipi, nami naiona pale?”

“Imekwisha kutengenezwa. Kiwanda kimeiacha. Inakuja nyingine, yenye gia kama magari ya watu.”

“Na hii yetu?”

“Hii yetu itaishi kwa vipuri vilivyobaki, kisha basi.”

Nimesikia baadaye kwamba walikuwa wametengeneza milioni kumi na tano, katika muda wa miaka kumi na tisa. Sijui milioni ni kiasi gani. Najua kwamba moja kati ya hizo ilikuwa shamba la baba yangu, na kwamba nilikuwa nimeuza kitu kinachozaa kila mwaka nikanunua kitu ambacho hata mama yake ameacha kukizaa. Nami pia sikuzaa. Mungu hakutupa mtoto, na mawifi zangu walikuwa wakilisema hilo nikiwapo.

Hata hivyo ilidumu kama miaka kumi, yenye viraka, taa moja, bodi ya mbao za masanduku ya chai. Kisha ikaja masika moja kali. Paa la makuti tulilokuwa tukiilaza chini yake lilivuja, na asubuhi moja nyuki hawakulia. Mwinyijuma alifungua, akapuliza, akagonga, akafunga. Vipuri alivikosa. Siku ya tatu alitupa spana kwenye matope.

“Imekufa,” alisema.

Mwezi huo huo akapata kazi ya kuendesha lori la shamba la mkonge. Njia yake ilipita Vigwaza, na huko alianza kulala siku mbili, siku tatu. Nilisikia jina la Dija binti Rehani kabla hajalitaja yeye. Nilisikia pia kwamba mzee Rehani ameapa binti yake hataingia kwenye nyumba yenye mke. Nililia, nikanyamaza. Ningekwenda wapi? Nyumba ilikuwa kwenye kiwanja cha baba yake Mwinyijuma. Minazi ilikuwa ya mtu mwingine. Kitu pekee mle ndani kilichokuwa changu kilikuwa kile chuma kilichokufa uani, kuku wakilala juu ya kiti cha dereva. Nilijisemea, likiwaka tena ataacha lori la watu, atarudi kwenye njia ya Dar es Salaam, na Vigwaza itakuwa mbali naye.

Hilo ndilo lililokuwa tumaini langu lote. Sikuwa na jingine.

Mvua ilipopungua nilifungua lile sanduku. Niliona mbao zake zimevimba, zimebadilika rangi, na nilipotia kidole kilitoka na unyevu. Mwanamke yeyote aliyewahi kuhifadhi mpunga angeliona hilo. Mwanamume aliyekuwa akitafuta vipuri Dar es Salaam hakuliona. Nilivitoa visanduku vyote vinne nikikumbuka kila kimoja kilikaa wapi. Kwanza niliviweka karibu na jiko, lami iliyo ndani ikaanza kunukia, nikaviondoa upesi. Kisha nikaanika mpunga wangu kwenye jamvi na kuvilaza katikati yake, nikavigeuza kila saa kama ninavyougeuza mpunga. Siku tatu. Jioni nilivifunga kwenye kanga nikaviingiza ndani.

Siku ya nne nilivirudisha. Nikazungusha ufunguo.

Nyuki wakalia.

Nilikuwa nimemwona Mwinyijuma akiwasha gari mara nyingi kuliko nilivyomwona akila. Chini ya usukani kuna vijiti viwili. Cha kulia ni cha petroli, nilikikumbuka. Cha kushoto kinatakiwa kipandishwe juu kwanza, ama sivyo hendeli hurudi nyuma kwa nguvu. Hicho nilikisahau. Na madereva wa Fodi, wote, Waislamu na Wakristo, hupiga hendeli kwa mkono wa kushoto, ikirudi isikukute vibaya. Mimi nimefundishwa kwamba jambo la kheri huanzwa kwa mkono wa kulia. Nikasema Bismillahi, nikaishika hendeli kwa mkono wa kulia, nikaivuta.

Ilirudi kama teke la punda. Nilisikia mfupa ukilia kabla ya kusikia maumivu. Na papo hapo gari likawaka. Liliunguruma, likatoa moshi mweusi, kuku wakaruka ukuta. Nilikaa chini matopeni nikiushika mkono wangu, nikalia kwa furaha.

Mwinyijuma alirudi adhuhuri. Nilimpokea mlangoni, mkono nimeuning'iniza kwa kanga.

“Mume wangu, Fodi hai. Nyuki wamelia.”

“Nani amewaliza?”

“Mimi nimeviangalia visanduku, nimevikausha. Nikapiga hendeli. Imewaka.”

“Imewaka?”

“Imewaka, imenguruma mpaka petroli ikaisha.”

Alikwenda uani. Alizungusha ufunguo, akasikiliza, akaufunga. Alikaa kule muda mrefu kuliko haja. Aliporudi ndipo alipoutazama mkono.

“Usimwambie mtu,” alisema. “Watanicheka. Dereva mzima, mkewe ndiye anayemwashia gari. Ukiulizwa, umeanguka kisimani.”

Nilimwona ameona haya, nikamhurumia. Nikawaambia watu wote, hata kaka yangu, kwamba nimeanguka kisimani. Kibwana alinipeleka kwa mganga wa mifupa Kaole, nikafungwa banzi za mwanzi, nikalala huko siku mbili. Niliporudi, uani palikuwa na mafuta meusi ardhini na manyoya ya kuku. Fodi haikuwapo.

“Nimemuuzia Tarcis,” Mwinyijuma alisema. “Maiti haikai nyumbani.”

Niliililia Fodi yangu; kiapo cha zamani hakikunijia kichwani. Tarcis alikuwa fundi seremala, mtu aliyelelewa misheni, mpole. Hakutaka gari, alitaka injini ya kuzungushia msumeno. Vijana wake walilikokota kwa kamba. Wiki moja baadaye injini ile ikanguruma karakanani kwake, na mji mzima ukaisikia, kwa maana hapakuwa na kitu kingine Bagamoyo kilichokuwa na sauti ile.

Mtu aliyekwenda kwa Shehe Bwanausi hakuwa adui yangu, wala kaka yangu. Alikuwa Mwinyijuma mwenyewe. Alikwenda na kanzu safi akasema, “Shehe, nina wasiwasi na ndoa yangu. Niliapa, nawe ulikuwapo. Naogopa nisije nikaishi na mwanamke kwa haramu.”

Tukaitwa. Baraza lile lile, mimi nyuma ya mlango ule ule. Tarcis aliulizwa kwanza.

“Ulipolichukua gari, lilikuwa hai au limekufa?”

“Shehe wangu, sisi mafundi husema gari limekufa hata mpira ukipasuka,” Tarcis alijibu, na watu wawili watatu wakacheka. “Nililikokota kwa kamba. Halikutoa sauti. Nililisafisha, nikalitia petroli na mafuta, likawaka. Nisingependa neno langu limtoe mtu nyumbani kwake.”

Nilimsikia Shehe akikohoa. Alikuwa akinitafutia njia, nami nililijua hilo.

“Sikilizeni,” alisema. “Mtu akiapa, kisha akalitenda lile jambo bila kujua kwamba ndilo aliloliapia, talaka haianguki. Mwinyijuma, fikiri kabla ya kujibu. Siku uliyoliuza, ulidhani limekufa?”

Aliwekewa mlango wazi. Alitakiwa aseme ndiyo tu.

“Nilijua kuwa li hai,” alisema.

“Ulijuaje?”

“Mke wangu aliniambia.”

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa mjinga mpaka dakika ile. Akiniacha kwa ulimi wake, mji ungemtema mate, maana kila mtu alijua gari lile lilitoka wapi. Kiapo kikiniacha, ni kadari ya Mungu, watu watampa pole.

“Mwanamkasi, mwanangu,” Shehe aliniita. “Ulimwambia?”

“Sikumwambia,” nilisema. “Fodi ilikuwa imekufa. Imekufa kabisa. Hakujua lolote.”

Fikirini jambo hilo. Mume anasema kweli ili anitupe, mke anasema uongo ili atandikiwe tena mkeka wake. Nilikuwa tayari kuishi na mtu huyo. Nilikuwa tayari kuishi na Dija pia, kumchotea maji. Nilichoomba ni mahali pa kulaza ubavu.

“Muulizeni mkono wake umevunjwa na nini,” Mwinyijuma alisema.

“Nilianguka kisimani.”

“Kisimani,” alirudia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Maneno yalikuwa yake.

Kibwana alifoka, “Unamwita dada yangu mwongo?” Shehe akamnyamazisha. Akaagiza msahafu uletwe mlangoni. “Weka mkono wako wa kulia, mwanangu, useme. Ukisema umeanguka kisimani, basi mume wako hakuambiwa kitu, na ndoa yenu ipo.”

Msahafu ulipitishwa kwenye upenyo wa pazia, juu ya kitambaa cha kijani. Niliuleta mkono wa kulia. Ulikuwa na banzi kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni, umevimba, na vidole vilikuwa vimeshika weusi wa mafuta ambao haukutoka kwa maji wala kwa majivu. Niliutazama mkono ule juu ya kitambaa kile. Ningesema. Wallahi nilitaka kusema.

“Ni hendeli,” nikasema.

Nikamsikia Shehe Bwanausi, kwa sauti ndogo, akisema, “Gari maiti halivunji mkono.” Kisha akasema mengine, ya sheria, na sikuyasikia. Kaka yangu alikuwa analia kule nje, mtu mzima yule. “Mimi ndiye niliyesema ingali hai,” alikuwa akirudia. “Neno hilo ni langu.”

Nilikaa eda kwa Kibwana. Haijaisha, Dija akaingia nyumbani mwangu. Alipika kwenye mafiga yangu. Sitasimulia zaidi juu yao. Sijui wana nini na sitaki kujua.

Masika iliyofuata Tarcis alikuja Kaole na kitu kimefungwa kwenye turubai. Alisimama mbali na mlango.

“Dada Mwanamkasi, mimi sikujua habari za kiapo. Ningejua, ningenunua msumeno wa mkono.”

“Najua.”

“Nyuki wamenyamaza,” alisema. “Nimesikia wewe ndiye unayejua dawa.”

Ningemfukuza. Kibwana alitaka kumfukuza. Nilikaa nikilitazama lile turubai, kisha nikatandika jamvi, nikamwaga mpunga. Nililikausha sanduku siku tatu, nikampa. Mwaka uliofuata tena akaja, na mwaka wa baada yake. Nimelifanya jambo hilo kila masika, miaka zaidi ya kumi, kwa mkono huu uliopinda ambao hauwezi tena kukuna nazi. Vilinivunja, vikaniacha, nami nikavigeuza kwenye jua ili vipate kuishi. Msiniulize kwa nini. Upepo ukitoka mjini nilisikia injini ikikata mbao, na nilijua kwamba kitu kimoja katika dunia hii bado kinaishi kwa sababu yangu.

Wakati wa vita vya pili petroli ilikosekana, injini ikalala. Vita vilipokwisha ikaamka. Mwaka juzi Tarcis alikuja mara ya mwisho. Mchwa walikuwa wameingia kwenye mbao za visanduku. Nilivikausha kama kawaida. Nilikwenda naye mpaka karakanani, akaunga nyaya, akajaribu mpaka jasho likamtoka. Hapakusikika kitu. Alivua kofia yake.

“Dada,” alisema, “sasa imekufa kweli.”

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Shehe Bwanausi. Sijui nilitaka nini. Miguu ilinipeleka. Nilimkuta amelala barazani kwenye kitanda cha kamba, mzee sana, macho yamefunga ukungu. Nikamwamkia.

“Shikamoo, Shehe.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mwanamkasi. Nimekuja kukwambia imekufa.”

“Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” alisema, akajaribu kuinuka. “Amekufa nani, mwanangu? Ana umri gani? Maziko lini?”

Mjukuu wake wa kike alitoka ndani akaniuliza kama nataka maji. Nikasema sitaki. Nikarudi Kaole kwa miguu, nikauzoa mpunga kwenye jamvi, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.